Ngozi Chini ya Vitufe

Gibson Ombati aliinua vidole kutoka kwenye kibodi, na kibodi ikagonga mara moja zaidi.

Akaiangalia. Saa nane mchana, jua la Kiogoro linachoma mabati, kuku wa jirani wanagombana nje. Hakuna anayeogopa kitu saa nane mchana, labda muoga kama wewe unayesoma huku umekunja miguu kitandani. Gibson akacheka. Akaandika jina lake, herufi sita. Kibodi ikatoa midundo saba.

"Springi imelegea," akasema, akaendelea na kazi.

Sasa lazima ujue ugonjwa wa huyu jamaa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo na kuziandika, kutwa nzima. Hana cheti, hana mjomba serikalini. Ana vidole kumi, na ndivyo vilivyomlisha yeye na dada yake Kwamboka kabla Kwamboka hajapata kazi ya duka la dawa mjini Kisii. Lakini kuandika tu hakukumtosha. Alitaka kibodi yenye sauti ya kujivunia, na ile aliyokuwa nayo ilikuwa inalia kama mvua ya mawe juu ya choo cha mabati. Basi akaifungua. Akatoa swichi zote themanini na nne, akapaka kila moja grisi kwa brashi ya rangi ya kucha ya dada yake. Akabandika selotepu nyuma ya bodi. Akakata kona ya godoro lake, akajaza sponji ndani. Akaongeza hata kibamba cha jiwe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago, ili iwe nzito. Kila mara anarekodi, anaweka mtandaoni, na vijana asiowajua wanamwandikia: bado, kaka, hiyo ni kopo.

Kopo! Mwambie kijana wa Kisii kitu chake ni kopo halafu usimame kando uone ujinga utakaofuata.

Nyumbani kwao Nyamache, ukutani kwa bibi yake Nyakerario, ilining'inia obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane na tumbo lililofunikwa ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa ya babu yao, mzee Masese. Mzee akigusa uzi wa chini harusini, watu walisikia kifuani kabla ya masikioni. Alipokufa, walifanya ilivyokuwa desturi ya nyumba yao: wakafungua nyuzi zote nane, wakageuza uso wa ngozi ukaangalia ukuta, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Bibi alikuwa anafagia chumba chote, lakini pale chini ya obokano ufagio ulikuwa unaruka.

Sabato moja, wengine wakiwa kanisani, Gibson alibaki kwa kusingizia tumbo. Akaishusha. Akagonga ngozi kwa kidole kimoja, na ile sauti nene, ya chini, ikamfanya afumbe macho. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta miezi yote. Akachukua wembe, akakata kipande cha urefu wa rula ya shule, akairudisha ukutani vilevile. Nani angeona?

Akarudi Kiogoro, akakitandika kipande hicho chini ya vitufe, akarekodi. Na niseme ukweli, rekodi nimeisikia: ilikuwa tamu. Kila kitufe kilishuka kama tone la asali ndani ya mtungi mtupu. Wale vijana wa mtandaoni waliacha kusema kopo, wakaanza kumwomba siri.

Siku ya pili ikaja harufu. Ngozi mbichi iliyoloweshwa, na juu yake ugoro, kama ule wa mzee Masese. Kwamboka alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni ameziba pua.

"Gibson, umeoga lini?"

"Nenda huko."

"Sikutanii. Kuna kitu kimekufa humu, na wewe bado naona unapumua."

Siku ya tatu simu ilikataa kufunguka kwa kidole chake. Akajaribu cha pili, cha tatu. Ikakataa vyote kumi.

"Labda umeosha vyombo kwa mara ya kwanza, vidole vikashtuka," Kwamboka alisema. "Hebu leta."

Akamvuta mkono hadi dirishani, na utani ukamwishia mdomoni. Ncha za vidole zilikuwa laini kama upande wa ndani wa shavu. Mistari ambayo kila mtu huzaliwa nayo haikuwepo.

"Inauma?" akanong'ona.

"Hapana. Hilo ndilo linaniogopesha."

"Basi acha kuandika."

"Nikiacha, mimi ni nani? Nitalima chai ya nani?"

Kwamboka alifungua mkoba wake wa kazini. Alimpaka dawa, akamfunga bendeji kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayefunga mtoto.

Kesho yake ilinyesha ile mvua yetu ya alasiri, inayofanya mchana uwe jioni. Gibson alikuwa peke yake. Alichomoa waya wa kibodi ili apumzike, akageuka kufunga dirisha, na nyuma yake, katikati ya kelele za mabati, vitufe vikaanza kushuka vyenyewe, si kwa fujo kama kitu kilichoharibika, bali kwa mpangilio, kwa raha, mwendo wa harusi aliousikia akiwa mdogo sana mgongoni kwa mama yake, na alipotaka kukimbia aligundua kwamba vidole vyake, ndani ya bendeji, vinapanda na kushuka pamoja nao, vinacheza, vinamwacha yeye kando kama mgeni ambaye hakualikwa. Akauma meno. Akashika bisibisi kwa viganja viwili, akafungua skrubu moja baada ya nyingine huku kibodi ikimdunda mikononi, na kifuniko kilipotoka aliona ile ngozi kavu ya miaka ishirini imelowa, ina joto, imeanza kuota vinyweleo vyekundu, na inajivuta na kulegea, inajivuta na kulegea, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Simu ikalia. Ilikuwa bibi yake.

"Nani ameigusa obokano?" Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayeogopa kusikiwa na aliye naye chumbani.

"Kwa nini, magokoro?"

"Kuna mahali palikatwa." Bibi akasogeza mdomo karibu na simu. "Lakini panapona, mjukuu wangu. Kama kidonda."

Asubuhi Gibson alimwambia Kwamboka yote. Alitukanwa vizuri, tena kwa haki. Wakatia ngozi kwenye kikapu kwenda Nyamache. Lakini Kwamboka alipoenda kuvaa viatu, kijana wetu alifanya jambo. Aliwaza zile sifa, ile sauti, wale vijana wanaosubiri rekodi nyingine. Akakata ukanda mwembamba tu, mwembamba kama kidole, akaubandika chini ya kile kitufe kirefu cha nafasi. Vidole vyake vinaliwa, na yeye bado anaweka akiba! Ningekuwepo ningemzaba kofi.

Bibi alikuwa amemwita Nyangate, omoragori kutoka Birongo, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya shule ya mjukuu wake. Watu kama hao ndio huulizwa kuhusu ebirecha, wafu wasiotulia. Bibi ni Msabato wa kiti cha mbele, kwa hiyo alifunga mlango kwa komeo, akafunika Biblia kwa kitambaa, ndipo akasema, "Anza."

Nyangate akaigeuza obokano. Tundu lilikuwa limejifunga nusu. Ngozi mpya ilikuwa nyembamba, haina kinyweleo hata kimoja, na ina mistari midogo inayozunguka. Mizunguko kumi. Kwamboka alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Ulimchana babu yako," Nyangate alimwambia Gibson. "Sasa anajishona kwa ulicho nacho. Mrudishie chake, ukishone wewe mwenyewe. Nikimaliza kumfungia, kilicho ndani kitalala. Kitakachobaki nje hakitakuwa na kwao tena. Umenisikia? Yote iko hapa?"

"Yote."

"Usiniangalie miguu. Yote?"

"Mama, nimesema yote!"

"Gibson," Kwamboka akasema taratibu, "kama kuna kingine, sema sasa. Hakuna atakayekucheka."

"Nyinyi mnapenda kunifanya mtoto."

Basi akashona. Kila alipovuta uzi, ncha moja ya kidole ilimchoma, na mistari ikarudi pale pale mbele ya macho yao. Nyangate alipaka majivu na maziwa juu ya mshono, akasema maneno yake kwa Ekegusii, harakaharaka, bila kuvuta pumzi. Harufu ya ugoro ikapita dirishani. Bibi akalia kwa furaha. Waliporudi Kiogoro simu ilikubali papo hapo, kwa kidole cha kwanza alichojaribu, na Gibson akamwonyesha dada yake kidole hicho kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu Kwamboka alitoka kazini mapema, na akiwa bado getini aliisikia. Ile sauti. Nene, ya chini, ya haraka, tamu kuliko ilivyowahi kuwa, na kadiri alivyokaribia mlango haikumwingia tena masikioni bali kifuani, ikampangia moyo upige itakavyo, na alipousukuma mlango aliona kibodi iko sakafuni imefunguka vipande viwili, waya umeng'oka, kitufe kirefu kimepinduka na chini yake hapana kitu, ule ukanda haupo, na kaka yake ameketi mbele ya meza tupu ya mbao, mgongo wima, anaandika.

"Gibson." Kwamboka akaruka vipande vya kibodi. "Gibson, simama tuondoke."

Hakusimama. Kwamboka akamshika mkono amvute, na mkono ukateleza kama umepakwa samli. Kuanzia kucha hadi kwenye kiwiko haukuwa na mstari, haukuwa na kinyweleo, haukuwa na kovu la panga alilopata akiwa darasa la nne. Ngozi ilikuwa imevutwa ikakaza hadi inang'aa, kama uso wa obokano. Aliuachia kwa woga, ukaanguka juu ya meza, na pigo lile likatikisa vikombe kabatini.

Gibson akamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu, lile tabasamu lake la kujisifu analolijua kila mtu.

"Umesikia?" akanong'ona, akimsogezea mkono wa pili. "Gonga na huu."