Nilimwita Shemeji Yangu Muuaji kwa Sababu ya Usukani wa Benzi

Sikuwa na cheti cha sekondari.

Sikuwa na mtoto wa kiume.

Sikuwa na gari lingine.

Sikuwa na tabia ya kuomba ushauri.

Na asubuhi ile, kwenye mteremko wa kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, sikuwa na usukani!

Usukani wenyewe ulikuwepo mikononi mwangu... lakini ulikuwa umekufa.

Kona ya kwanza niliipita salama. Ya pili, ikatoka sauti kule mbele kama mbwa anayenyongwa. Halafu usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Baba Frida, kata!"

"Nakata!"

"Kata, tunaingia korongoni!"

"Hautaki!"

Mke wangu Yusta, mwanamke wa miaka sitini na minane, akafungua mkanda akaudaka usukani na yeye. Tukauvuta wote wawili kama watu wanaong'oa kisiki. Benzi likapinda kidogo kidogo, likakwaruza ukingo wa barabara... likasimama.

Nikachungulia dirishani. Chini kabisa niliona mapaa ya Ipogolo, madogo kama viberiti.

Yusta akanigeukia. Aliongea polepole sana.

"Nani alishika gari letu asubuhi?"

Wote wawili tulijua jibu. Ila mimi ndiye niliyelitamka.

"Tadeo. Mdogo wako."

Ndugu msomaji, naitwa Ambokile, mkazi wa Mbeya, umri miaka sabini na mmoja. Kusoma nilijifunzia ukubwani, madarasa ya jioni, nikitoka kubeba magunia. Tangu hapo hakuna maandishi yanayonipita. Benzi langu la mwaka 1982 nina kitabu chake cha ufundi, cha Kiingereza, na nilikisoma chote na kamusi pembeni. Mafundi wa Mbeya wananiita Mhandisi. Nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko ninavyoweza kukiri.

Tulikuwa tumelala Kalenga, nyumbani kwa kina Yusta. Kuna shamba aliloacha marehemu baba yao. Tadeo alitaka kuuza nusu, Yusta akakataa. Jioni ile walirushiana maneno mpaka chakula kikapoa.

Alfajiri nikatoka nje na mswaki mdomoni. Nikakuta boneti iko wazi! Tadeo ameinama ndani, kitambaa mkononi.

"Unafanya nini kwenye gari langu?"

Akashtuka.

"Shikamoo shemeji. Jana ulivyoingia nilisikia stelingi inalia. Nikasema nitupie jicho."

"Ufundi umesomea wapi?"

"Sijasomea. Ila mafuta yake yana povu, shemeji..."

"Funga."

"Mteremko wa Ipogolo sio mzuri, shemeji. Sio mzuri kabisa."

"Nimesema funga!"

Akafunga. Akafuta mikono yake taratibu, akinitazama.

Sasa nimesimama ukingoni mwa barabara, na maneno yale yananirudia kichwani. *Mteremko wa Ipogolo sio mzuri...* Wewe ungeyaelewaje?

Vijana wa pale barabarani walitusukuma, gari likateremshwa kwa kamba mpaka Ipogolo, gereji ya Faraji, kijana mpole anayeijua kazi yake.

"Shikamoo mzee wangu. Tuanze na vitu rahisi."

Akabonyeza mkanda wa pampu. Umekaza vizuri. Akapapasa mipira ya mafuta kutoka kwenye pampu mpaka kwenye boksi la stelingi. Haivuji. Akafungua kopo la mafuta ya stelingi, akanusa, akakunja uso.

"Mzee, hebu nikuonyeshe kitu."

Akavuta mafuta ya chini ya kopo kwa sirinji, akadondosha matone kwenye kikombe cha maji.

"Mafuta ya stelingi yanaelea. Angalia haya."

Matone yakazama. Yakapotea ndani ya maji kama chumvi!

"Hii ni breki fluidi, mzee. Mafuta ya breki. Ukiyaweka kwenye stelingi yanakula sili zote za pampu, vile vimpira vya kuzuia mafuta yasivuje."

Akaifungua pampu. Sili zilikuwa zimevimba, laini kama bablishi iliyotafunwa.

Yusta akakaa chini, juu ya tairi bovu.

"Kwa hiyo kuna mtu ameyamimina," nikasema.

"Kuna mtu ameyamimina, ndiyo. Ila mzee, sili haziozi hivi kwa siku moja, hii ni kazi ya wiki kad..."

"Nimekuelewa, fundi. Hapa tunazungumzia roho za watu."

Sikumwacha amalize. Naomba uikumbuke dakika hiyo, kwa sababu ndipo nilipoua kitu.

Mchana huohuo tulikodi teksi kurudi Kalenga. Mzee Silvester, mkubwa wa ukoo wao, akaita kikao uani kwake. Watu kumi na wawili. Tadeo alikaa kwenye kigoda, mkewe Paskalina nyuma yake.

Nilisimama nikaongea vizuri, nakiri. Nilikuwa nimebeba mafuta yale kwenye kichupa. Nikaomba kikombe cha maji. Nikadondosha matone mbele ya wote, kama mwalimu mbele ya darasa.

"Mmeona? Hii ndiyo sumu aliyotuwekea ili abaki na shamba peke yake!"

Watu wakaguna.

"Tadeo," Mzee Silvester akauliza, "ulilifungua gari la shemeji yako?"

"Nililifungua, baba mkubwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"



Tadeo aliinua kichwa. Akamgeukia dada yake.

"Dada. Unaamini?"

Yusta alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi sina mdogo," akasema.

Paskalina akapiga yowe. Tadeo akachukua koti lake, akasimama mbele yangu kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Mungu awafikishe salama, shemeji."

Akaondoka.

Kikao kikaamua asikanyage shamba mpaka akiri kosa. Muhtasari niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Wote wakatia sahihi.

Faraji akabadilisha sili, akasafisha mfumo mzima, tukarudi Mbeya. Benzi lilikuwa linakata kona kwa kidole kimoja! Nyumbani, Yusta hakuwa anaongea. Alipika, akala kidogo, akalala.

Wiki mbili zikapita. Jumapili moja baada ya ibada nikafungua boneti kukagua. Mafuta ya stelingi yalikuwa yamepungua kidogo. Nikaingia stoo.

Huku kwetu wengi hatununui kopo zima la mafuta. Unakwenda Mwanjelwa na chupa yako ya maji ya kunywa, unapimiwa. Mimi nilikuwa na chupa mbili rafuni. Mafuta ya stelingi kulia, ya breki kushoto. Yote yana rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Lebo ya nini, wakati Mhandisi ana kichwa?

Nikachukua ya kulia. Kabla sijamimina, nikamwita Yusta. Nilitaka acheke kidogo.

"Mama Frida, lete kikombe cha maji uone mafuta halali yanavyoelea!"

Akaleta. Nikadondosha.

Matone yakazama.

Yakapotea.

Nikadondosha tena. Yakapotea tena!

Sikuweza kuinua macho.

"Umekuwa ukiongeza haya tangu lini?" Yusta akauliza.

Wiki ya Pasaka ndipo nilipopanga upya rafu, chupa zikabadilishana nafasi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Tangu hapo, kila gari lilipolia, niliongeza. Na kila nilipoongeza, lililia zaidi. Breki hazikuwahi kuhitaji kuongezwa. Zingehitaji, ile chupa nyingine ingeingia kule, na leo usingesoma maandishi haya.

"Tangu Pasaka," nikajibu.

Yusta hakupiga kelele. Alichukua simu akampigia Tadeo. Haipatikani. Akampigia Paskalina.

"Wifi, Tadeo yuko wapi?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila neno.

"Leo unamuuliza? Alikwenda Mafinga kupasua mbao. Alisema hawezi kupita njia moja na watu wanaomwita muuaji. Siku ya tisa leo, wifi. Hajapiga."

Ikakatwa.

"Tutampigia Mzee Silvester," nikasema. "Tumwambie mambo yameisha."

"Tadeo ulimtukana kwa simu?"

"Hapana."

"Ulimtukana uani, mbele ya watu kumi na wawili. Kaa chini uandike."

Nikaandika. Nilianza hivi: *Imebainika kwamba kulitokea mchanganyiko wa mafuta...* Yusta akaisoma akiwa amesimama.

"Humu ndani hamna mtu, Baba Frida. Nani alimimina?"

Nikaichana. Nikaandika tena.

*Mimi Ambokile nilimimina mafuta ya breki kwa mkono wangu mwenyewe, kwa miezi. Tadeo alinionya nikamfukuza. Fundi naye alitaka kunieleza nikamkatiza. Niliyoyasema mbele yenu yalikuwa uongo. Naomba barua hii isomwe kwa sauti uani hapo hapo, Paskalina akiwa amekaa mbele, na muhtasari wangu uchomwe.*

Yusta akachukua kalamu, akaongeza chini: *Nina mdogo. Mtafuteni.*

Wewe unayesoma hapa, labda una mtu unayemshuku leo. Kabla hujamtafuta adui wako chini ya boneti, kanuse kwanza chupa za stoo yako. Na aliyekuonya usimuulize amesomea wapi. Mimi nilikuwa na kitabu kizima cha gari kichwani, na nilikaribia kumuua mke wangu kwa chupa isiyo na lebo.

Alfajiri ya Jumatatu nikaenda stendi. Konda wa basi la Iringa akaipokea bahasha, akaigeuza.

"Mzee, haijafungwa hii."

Kweli. Nilikuwa nimeiacha wazi, sijui kwa nini. Labda sehemu fulani yangu ilikuwa bado inatafuta neno la kufuta.

Nikailamba gundi. Nikaibana kwa kiganja juu ya boneti ya teksi iliyokuwa karibu, nikahesabu mpaka kumi.

"Ipogolo, gereji ya Faraji. Ataifikisha Kalenga kwa Mzee Silvester leo leo."

"Sawa, mzee."

Nikapiga namba ya Tadeo kwa mara nyingine. Haipatikani.

Basi likawasha taa, likaondoka na barua.