Tundu Lililozibwa kwa Lami

Maji yalikuwa yameongezeka.

Fundi alipiga magoti mlangoni mwa bafu jipya, akaweka kidole kwenye alama ya penseli aliyoichora ukutani jana, akakitazama kidole, akaitazama alama. Jana aliziba tundu la kutolea maji kwa kizibo, akajaza sakafu maji ya kina cha kidole kimoja, akayaacha hadi leo. Ndivyo alivyojaribu kila bafu kabla ya kulikabidhi. Yakipungua, kuna mahali panavuja. Yakibaki palepale, kazi ni safi. Lakini haya yalikuwa yamepanda vidole viwili juu ya alama, na bomba lilikuwa bado limefungwa.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya chini. "Kuna mtu amemwaga maji humu?"

Mke wa mwenye nyumba alikuja na mtoto wake wa miezi minne begani. "Nani amwage, fundi? Mlango uliufunga mwenyewe. Au leo pima maji yako imelewa?"

Watu walimwita fundi huyo Pima, kwa sababu hakuweza kuweka kikombe cha chai mezani bila kuangalia kama meza imelala sawa. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alichovya kidole, akakinusa, akakifuta haraka kwenye suruali.

"Yana uvuguvugu," alisema.

Bafu hilo lilikuwa la mama mkwe wake. Miguu yake ilikuwa imekataa kabisa, na mwanawe, mwenye nyumba, aliwaza kumtengenezea bafu lisilo na kizingiti wala beseni, sakafu yote ikiteremka kidogo kuelekea tundu moja, ili kiti chake cha magurudumu kiingie hadi chini ya maji. Pima alikuwa ametengeneza mabafu ya namna hiyo katika nyumba za kila umri. Nyumba mpya, alisema, haina siri, unapima na kumwaga saruji. Nyumba ya miaka thelathini unaikata huku ukiomba mabomba yasiwe yameoza. Lakini nyumba ya zamani sana huvunji hata jiwe moja kabla ya kumuuliza aliye mzee kuliko wote ndani yake: maji ya hapa yalikuwa yakienda wapi?

Nyumba hii ilikuwa zote tatu. Sebule ilikuwa mpya, vyumba vya katikati vya wakati wa baba mkwe, na cha nyuma, kilichokuwa kinageuzwa bafu, chenye sakafu ya mawe, hakuna aliyejua kilijengwa lini. Siku ya kwanza Pima aliuliza, kama kawaida yake.

"Mzee wa nyumba yuko wapi? Nataka kumsikia kwanza."

"Mama amelala," yule mkwe mwenye mtoto alijibu. "Na hata akiamka, fundi, hakumbuki kitu. Utapoteza muda wako bure."

Mama hakuwa amelala. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye kiti chake, nguo zimelowa kwa sababu asubuhi hiyo haja ilimshinda. Mkwe aliona haya mgeni amkute hivyo, aisikie ile harufu, akaisimulie kwenye nyumba nyingine. Nyundo ilipoanza, mama aligonga ukuta kwa kikombe. Akagonga tena. Mkwe akaongeza sauti ya redio.

Chini ya mawe Pima alikuta tundu la mviringo, jeusi, ambalo kamba yake ya kupimia haikufika mwisho. Aliyeyusha lami kwenye kopo, akaimimina humo ikiwa inachemka. Huko chini kitu kilitoa mlio mwembamba, kama birika jikoni.

"Hewa hiyo," alisema Pima, akaongeza kopo la pili, mpaka tundu likaziba.

Siku maji yalipopanda, mtoto alipata doa jekundu kisiginoni. Kesho yake doa lilikuwa limefika kwenye kifundo cha mguu, na ngozi imetoka malengelenge. Muuguzi wa zahanati alilitazama doa, kisha akamtazama mama wa mtoto kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, maji ya kumwogeshea huwa unayagusa kwanza?"

"Nayagusa, sista."

"Kwa kiwiko?"

"Kwa kiwiko."

Muuguzi alimfunga mtoto bendeji polepole, akimpuliza mguu kila alipolia, kisha akaandika kitu kwenye kadi huku ameifunika kwa mkono. Mama wa mtoto alirudi nyumbani kwa kupitia vichochoro ili asikutane na mtu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani na Pima akiwa uani anasafisha zana zake, mkwe aliingia bafuni kukausha maji yaliyokuwa yamerudi tena. Harufu ilimpokea mlangoni: lami, na chini ya lami nywele zilizoungua, na chini ya hizo harufu nyingine aliyoijua vizuri, ya utosi wa mtoto mchanga. Alisimama na tambara mkononi. Chini ya vigae kulikuwa na mtu anakamua nguo. Aliikamua, matone yakaanguka, akaichovya, akaikamua tena, kama anavyokandwa mgonjwa, na katikati ya matone ikasikika sauti ya kubembeleza, shii, shii, ileile aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe siku hizo tatu, na maji yaliyokuwa yametulia tunduni yakaanza kupanda mteremko, taratibu, yakipita kigae baada ya kigae hadi mbele ya miguu yake, na yalipofika yakagawanyika yakaacha mahali pakavu penye umbo la unyayo, mdogo kama kidole chake gumba, na kisigino cha unyayo huo kilikuwa cheusi.

Chumbani mwanawe alipiga yowe.

Doa lilikuwa limefika gotini. Mumewe alikuwa kazini. Alimnyakua mtoto, akakimbilia chumba cha mama mkwe, akaanguka magotini mbele ya kiti, na Pima, aliyelisikia lile yowe, akaja nyuma yake.

"Mama, nisaidie. Mwanangu anaungua."

Mama mkwe alimpakata mjukuu, akaufunua mguu, akaunusa.

"Mmemwaga nini kwenye tundu langu?"

"Lami," Pima alijibu kutoka mlangoni, kofia mkononi.

"Ya moto?"

Pima aliitikia kwa kichwa.

"Miaka arobaini nimefulia mle," alisema mama. "Sikumwaga maji ya moto hata siku moja bila kugonga mara tatu na kungoja. Sijawahi kumwona. Lakini pete yangu ilipotumbukia, kesho yake niliikuta juu ya jiwe, imesuguliwa inang'aa. Na mumeo alipokuwa mchanga, usingizi ukinizidi, kuna aliyekuwa akimbembeleza kutoka huko chini mpaka niamke. Mwaka huu naye ana mtoto. Nilimsikia akilia. Ndiyo maana niligonga ukuta."

Pima alijishika kichwa. "Kosa ni langu, mama. Sikukuuliza."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mkwe alimtazama fundi anavyojitwika mzigo usio wake, uso ukamwaka moto.

"Uliuliza," alisema. "Mimi nilikudanganya. Mama alikuwa macho. Nilimficha. Niliona aibu kwa sababu alikuwa amejikojolea."

Alilisema mbele ya mwanamume mgeni, mama mwenyewe akisikia. Mama mkwe aliinamisha macho hadi kwenye magoti yake.

"Nilijua," alisema. "Niliisikia redio."

Kisha akamfuta mkwe wake machozi kwa upindo wa nguo. "Nipelekeni."

Pima alivunja vigae alivyokuwa amevipanga kwa siku nne. Lami aliichokoa kwa patasi na mikono mitupu, kipande kwa kipande, akiogopa kupiga nyundo tena, mpaka kucha zikatoka damu. Tundu lilipofunguka, kiti kilisogezwa karibu. Mama aligonga sakafu mara tatu kwa kikombe, akangoja.

"Jirani," alinong'ona. "Tumekuunguzia mwana. Huyu wetu hana kosa, ni mchanga kama wako. Sema unachotaka."

Sauti ikapanda kutoka shimoni, na wote watatu waliitambua, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mkwe mwenyewe, imekauka kwa kukesha.

"Hanyonyi. Ziwa langu linanuka lami, analigeuzia shingo. Akifa wangu, na wako atakufa."

Pima alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Mama mkwe alimgeukia mkwe wake. "Mwanangu, hili siwezi kukuamuru."

Mkwe alimwachia mama mtoto mapajani, akakaa kwenye sakafu yenye maji kando ya tundu. Pima aliugeukia ukuta bila kuambiwa. Mkwe alipofungua vifungo vya blauzi, kitu kilianza kupanda juu ya goti lake, chepesi kama taulo lililolowa, kisichoonekana, kikijivuta kwa mkono mmoja tu, kikamgusa tumbo, kikapapasa kifua, na mdomo mdogo wa baridi ukashika ziwa la kushoto huku shavu lililomlalia likimchoma kama sufuria, akataka kupiga kelele, akataka kukitupa, lakini alisikia kinavyonyonya kwa pupa, kinavyohema puani kama mwanawe siku aliyozaliwa, akajikuta ameweka mkono juu ya mgongo unaonata, anaupigapiga polepole.

"Nisamehe," alisema, na hakujua anamwambia nani, mama mkwe au huyo aliyempakata.

Kabla ya wiki kwisha mguu wa mtoto ulipona. Pima alirudi kupanga vigae upya, safari hii akiliacha lile tundu la zamani wazi, na mkwe akaanza kumwogesha mama yake mkwe kila asubuhi, mlango ukiwa wazi, hata wageni wakiwa sebuleni. Mchana huingia bafuni peke yake, akakaa sakafuni kwa muda, akatoka anafunga vifungo vya blauzi.

Mwanawe sasa hunyonya ziwa la kulia tu. Akisogezewa la kushoto hulinusa, kisha hugeuza shingo kuelekea bafuni na kutulia, kama anayempisha mwenzake.