Nafuu ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akamletea mama yake uji na vidonge vyake. Jina hilo alibandikwa na mama mwenyewe kwa ajili ya wembamba wake, na mtaa mzima ukalidaka.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Mwaka uliopita jicho lake moja liliingia ukungu, kisha mguu wa kulia ukafa ganzi. Alipepesuka njiani, na majirani wakanong'ona kwamba amelewa. Pombe hajawahi kuionja. Daktari ndiye aliyeeleza kwamba neva za ubongo na uti wa mgongo zimefunikwa na utando uitwao mailini. Kinga ya mwili wa mama, badala ya kupigana na vijidudu, ilikuwa inautafuna utando huo. Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi.

Baada ya miezi kadhaa ukungu ulitoweka na mguu ukapata nguvu. Mama akawaambia wateja amepona. Sindano alilitangaza neno hilo darasani kwa maringo. Kwa kuwa vidonge vilimchafua tumbo, mama akaacha kuvimeza. Alimwambia Sindano kwamba mtu mzima wa afya hamezi dawa, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Sindano hakubisha. Alikuwa amechoka kuwa mtoto wa mgonjwa.

Kisha jioni moja, mama akishona shati jeupe, Sindano aliona doa jekundu likitambaa kwenye kola. Sindano ya cherehani ilikuwa imemtoboa mama kidole, naye alikuwa akiendelea kukanyaga pedali.

"Mama, unatoka damu."

Mama alikitazama kidole kama cha mtu mwingine. Akasema ni uchovu tu.

Siku ya kliniki ilipofika walikwenda pamoja. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alimgusa mama vidoleni kwa pamba, mama akiwa amefumba macho. Mkono wa kushoto haukujua kama umeguswa. Akamuuliza kama anameza dawa.

"Bila kukosa, daktari."

Daktari alikunja uso. Alisema basi dawa hiyo imeshindwa, itabidi ampe nyingine kali zaidi, yenye hatari zake. Sindano alimtupia mama jicho. Akinyamaza, mama atatibiwa kwa uongo. Akisema, amemwaibisha mama mbele ya watu.

"Hamezi," alisema. "Aliacha tangu aliposema amepona."

"Nani kakuuliza wewe?" mama alifoka.

Daktari hakumkaripia yeyote. "Mama, nani alikuambia umepona?"

"Mguu wangu."

"Mguu wako muongo. Ulipata nafuu."

Akaeleza kwamba shambulio likitulia, mwili hujaribu kuurudisha ule utando, lakini mpya huwa mwembamba, na mahali pengine haurudi kabisa. Dawa ya kuujenga upya bado inatafutwa. Iliyopo hupunguza mashambulio tu.

Mama alilipapasa goti lake. Kisha akasema, "Kama kiraka cha goti la suruali. Likichanika hapo hapo, unashona juu ya kiraka. Mwisho uzi unakosa pa kushika."

Alilazwa siku chache, akatundikiwa dripu, akarudishiwa vidonge pamoja na ushauri wa kuvimeza baada ya chakula. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsemesha mwanawe. Kesho yake pia hakumsemesha.

Ganzi ilipungua, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi. Kazi ya vifungo na zipu ikawa ya fundi jirani. Siku mama alipomkabidhi fundi huyo mkebe wake wa vifungo, alirudi ndani, akaketi kitandani, akamwita Sindano.

"Siku ile nilitamani ardhi inimeze," alisema taratibu. "Nilikufundisha uongo, halafu nikakununia kwa kusema kweli. Hivi vidole nimevipoteza mwenyewe kwa kiburi. Sikiliza, mwanangu. Mtu unayempenda akikuomba umfichie ugonjwa, usikubali, hata akiwa mama yako. Atakununia. Mwache anune. Bora nikununie nikiwa nimesimama kuliko nikushukuru nikiwa nimelala."

Sindano akaketi karibu naye, wakalia wote wawili.