Dume Aliyepimwa Kifua

Kila asubuhi nilikwenda bandani na ndoo mbili. Ndoo moja ilikuwa ya maji ya kuosha chuchu za ng'ombe. Nyingine ilikuwa ya maziwa. Siku hizo ndoo ya maziwa ilirudi jikoni ikiwa na maziwa ya kufunika chini tu. Watoto walikunywa chai ya rangi bila kusema kitu. Afadhali wangelalamika.

"Mama, kwani Shangazi anaumwa?" binti yangu mkubwa aliniuliza.

"Haumwi. Hajazaa muda mrefu, na ng'ombe asipozaa maziwa yanakwisha. Kamuulize baba yako kwa nini hajazaa."

Shangazi ni ng'ombe wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akipata upenyo anaingia jikoni bila hodi na kukagua masufuria. Ameshatuzalia ndama watatu. Watoto wangu wote wamekua kwa maziwa yake.

Mume wangu ni fundi cherehani. Kila mtu anamwita Fundi, hata mimi nikikasirika. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Hata mezani anakula nayo. Hakati kitambaa cha mtu kabla ya kupima mara tatu. Sasa sikilizeni jinsi mtu huyo alivyonunua dume.

Alikwenda kwa tajiri mmoja mwenye shamba kubwa. Akaonyeshwa dume mwekundu, mnene, mwenye nundu ya kutisha. Fundi akavua futi shingoni. Akampima kifua. Akampima urefu. Akampima hata pembe! Aliporudi alinisomea vipimo vile kama vya suti ya harusi.

"Ana ndama wangapi huko alikotoka?" nikamuuliza.

"Wewe nawe! Hebu mwangalie alivyosimama."

Nilimwangalia, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Dume akapewa jina la Mheshimiwa, kwa sababu alitembea polepole na kila mtu alimpisha. Majirani walikuja kupiga naye picha. Wengine walileta ng'ombe wao wapandwe. Fundi alivimba kichwa. Kila asubuhi alimpelekea pumba yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kunipelekea mimi hata kikombe cha maji.

Tulikuwa na majike watatu. Kulikuwa na Shangazi, kulikuwa na mtamba mmoja ambaye hajazaa bado, na kulikuwa na Doa. Huyu Doa alikuwa mweusi mwenye doa jeupe usoni. Alikuwa mpole kuliko wote.

Mheshimiwa alianza na Doa. Siku hiyo nilichukua mkaa, nikachora mstari kwenye ukuta wa jikoni. Baada ya wiki tatu Doa akaanza tena kulia na kuhangaika. Alikuwa amerudi kwenye joto. Maana yake hakushika mimba. Mheshimiwa akampanda tena. Nikachora mstari wa pili. Baada ya wiki tatu, wa tatu. Shangazi naye vivyo hivyo. Mtamba naye vivyo hivyo. Ukuta ukajaa mistari.

"Unachafua ukuta niliopaka rangi juzi tu!" Fundi aling'aka.

"Ukuta utaoshwa. Ng'ombe hawashiki mimba, baba watoto."

"Dume anafanya kazi yake. Si unamwona kwa macho yako? Hao ng'ombe wako ndio wabovu."

Ng'ombe wako! Ndama wakizaliwa ni wetu. Wasipozaliwa, ng'ombe ni wangu.

Mwezi wa sita tangu dume aje, Fundi akamwita mwenye bucha. Nilikuwa kisimani. Niliporudi, kamba ya Doa ilikuwa chini na kigingi chake kilikuwa peke yake. Nililia kwa hasira. Ng'ombe aliyezaa mara nne, aliuzwa nyama kwa kosa ambalo hakuna aliyemuuliza. Nilikaa siku tatu bila kumsemesha mume wangu. Yeye alidhani naumwa kichwa.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, nilimkuta mwenye bucha tena uani kwetu. Safari hii alikuwa anamfungua Shangazi.

"Habari za asubuhi, shemeji," alisema.

"Mbaya. Ziache hizo kamba."

"Fundi ndiye aliyeniita."

"Na mimi ndiye ninayekufukuza."

Nilikwenda kwenye geti, nikalifunga, nikasimama mbele yake. Fundi akatoka chumbani, futi shingoni.

"Mke wangu, usituaibishe. Ng'ombe tasa huyu. Tunamlisha bure."

"Nani kakwambia ni tasa?"

"Miezi minane hashiki mimba!"

"Na mimi nilikaa miaka minne," nikasema. Sikushusha sauti. "Uliniita tasa. Ukanirudisha kwa wazazi wangu miezi mitano. Nikanyweshwa madawa machungu mpaka natapika. Siku ulipokubali kupimwa wewe, daktari alikupa dawa wewe. Mwaka uliofuata tukampata binti yetu. Umesahau, Fundi? Mimi sijasahau hata siku moja."

Mwenye bucha akaanza kuangalia viatu vyake. Fundi alishika futi yake kwa mikono miwili. 

"Unataka nini?" aliuliza.

"Daktari wa mifugo aje. Ampime na dume."

"Haya. Lakini asipokuja hadi saa saba mchana, ng'ombe anaondoka."

Nilikwenda ofisi ya mifugo kwa miguu, karibu mbio. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, amevaa buti za mpira na koti lililopauka. Nilimweleza yote bila kupumua. Akachukua sanduku lake na mtungi wake wa mbegu, akanipakia kwenye pikipiki yake.

Saa sita na nusu tulikuwa uani. Mwenye bucha alikuwa bado amekaa kwenye benchi, na saa yake mkononi.

"Mgonjwa ni yule pale," Fundi alisema, akimwonyesha Shangazi.

Daktari hakumwangalia Shangazi. Alisimama mbele ya ukuta wa jikoni.

"Hii mistari ni ya nini, mama?"

"Siku walizopandwa, daktari. Mistari ya juu ni ya Doa, marehemu. Ya katikati ni ya Shangazi. Ya chini ni ya mtamba."

"Na kati ya mstari na mstari kuna muda gani?"

"Wiki tatu. Mara nyingine inapungua siku moja au mbili."

Daktari akamgeukia mume wangu. "Fundi, ukishona mashati matatu kwa cherehani moja, yote yakatoka yamepinda, utalaumu mashati?"

"Nitaangalia cherehani."

"Basi mbona hapa umelaumu mashati? Jike mmoja akirudi kwenye joto kila mara, namchunguza yeye. Majike wote wakirudi kila wiki tatu, namchunguza dume kwanza. Mlete."

Tulimfunga Mheshimiwa kati ya nguzo mbili, na ubao mzito nyuma ya miguu yake. Daktari akatafuta ndani ya sanduku.

"Futi yangu imekatika. Niazime yako."

Fundi akampa. Hakujua inakwenda wapi. Daktari akainama nyuma ya dume, akashika korodani zake, akazizungushia futi.

"Futi yangu!" Fundi akapiga kelele. "Nawapimia watu shingo na hiyo!"

"Utaifua. Soma hapo."

"Ishirini na nne."

"Dume wa mwili na umri huu, sentimita zinatakiwa zipite thelathini. Na hii moja ni ngumu kama jiwe. Huenda aliugua au aliumia zamani. Fundi, ulimpima kifua?"

"Nilimpima."

"Pembe je?"

Fundi akakohoa. "Nazo."

"Ndama hawatoki kwenye pembe."

Mwenye bucha alicheka mpaka benchi likalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Doa.

Daktari hakuishia hapo. "Korodani ndogo zinanipa shaka. Mbegu ndizo zitasema," alisema. Akachukua mbegu kidogo za Mheshimiwa, akaziweka kwenye chupa iliyozamishwa kwenye maji ya vuguvugu zisife kwa baridi. Akafungua hadubini yake, kile chombo cha kuonea vitu vidogo mno, juu ya meza yangu ya jikoni. Akadondosha tone kwenye kioo.

"Angalia, Fundi."

Fundi akainama. "Sioni kitu kinachotembea."

Daktari akaandaa tone jingine. Hili lilitoka kwenye mrija mwembamba wa mbegu bora alizokuja nazo kwenye mtungi wa baridi kali. "Angalia na hili."

"Ah! Wanakimbia! Wamejaa tele!"

"Dume mzima ndivyo anavyokuwa. Wa kwako anapanda vizuri, lakini kupanda si kutia mimba. Majike wako wameonewa."

Niliangalia nami. Niliona tone la kwanza, limetulia kama maji ya kuoshea vyombo. Hapo hasira ikanipanda upya.

Daktari akawapima Shangazi na mtamba. Aliingiza mkono wenye glavu ndefu, akapapasa vizazi vyao. Vyote vilikuwa salama. Kisha akachukua damu ya kila mnyama.

"Dume akipanda ng'ombe wa nyumba nyingi, anaweza kubeba ugonjwa huku na kule," alieleza. "Magonjwa mengine huharibu mimba za ng'ombe, na mengine huambukiza watu. Majibu yakija nitawaambia. Kwa sasa asipande ng'ombe yeyote. Maziwa yachemsheni. Na ng'ombe akitupa mimba, msiishike kwa mikono mitupu. Niiteni."

Fundi alimpigia simu yule tajiri papo hapo. Alikasirika mpaka mishipa ya shingo ilitoka.

"Umeniuzia dume mbovu!"

Sote tuliisikia sauti ya tajiri. "Mimi nilikuuzia dume. Sikukuuzia ndama. Uliuliza?"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki ameishika sikioni.

"Huyu mtu alijua!" alisema. "Sawa. Na mimi nitampeleka mnadani. Dume bado anapendeza. Atapata mnunuzi."

"Thubutu!" nikasema. "Umtie mwenzako hasara hii hii? Mke wake naye asimame getini?"

Fundi akaitia simu mfukoni. Kisha akamgeukia mwenye bucha.

"Majibu ya damu yakiwa mazuri, utamchukua Mheshimiwa. Shangazi habanduki hapa."

Daktari alikunywa chai yetu ya rangi, akatueleza huku akipuliza kikombe. "Ukitaka kununua dume wa mbegu, niite kabla hujatoa pesa. Nitapima korodani, mbegu na damu. Wewe uliza ndama wake wako wapi, ukawaone. Uliza na kwa nini anauzwa. Akifika, mtenge na wengine karibu mwezi mzima. Halafu mpe majike wachache. Andika tarehe, kama mama alivyofanya. Wakirudi kwenye joto wote, usisubiri miezi minane."

"Na kwa sasa tufanye nini? Dume hatuna," nikauliza.

"Mwenye majike wawili hahitaji kulisha dume mwaka mzima. Tutapandikiza mbegu kwa mrija. Kazi yako, mama, ni kuangalia joto. Jike akisimama tuli wenzake wakimpanda, akitoa ute usio na rangi, wa kuvutika, nipigie. Ukimwona asubuhi, nakuja jioni ya siku hiyo. Ukimwona jioni, nakuja kesho asubuhi."

Majibu ya damu yalikuja. Hapakuwa na ugonjwa. Mheshimiwa akaondoka na mwenye bucha, polepole kama kawaida yake. Fundi alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani ukweli kuhusu dume wake. Nyumba moja alitukanwa. Alirudi akaenda moja kwa moja kwenye cherehani yake, na sikumbembeleza.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Shangazi alisimama tuli huku mtamba akimpanda. Nikapiga simu. Jioni daktari akaja na mrija wake. Fundi mwenyewe akachukua mkaa, akachora mstari ukutani. Tukahesabu. Wiki tatu zikapita, Shangazi kimya. Wiki sita, kimya. Mwezi wa tatu daktari akampima kwa mkono, akatabasamu.

"Ana mimba."

Fundi aliingia ndani. Alitoka na kikombe cha chai, akaniletea mahali nilipokuwa nimesimama. "Nilikosa," alisema. "Kwa Doa. Na kwa ile miaka minne." Nilipokea kikombe. Sikumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Shangazi alizaa jike, asubuhi, watoto wakiwa wamejipanga kwenye ua. Ndama alikuwa mwekundu mwili mzima kama mama yake, hana hata alama moja. Ndoo yangu ya pili ikaanza kurudi jikoni imejaa. Chai ikawa nyeupe tena.

"Tumwite nani?" Fundi aliuliza.

"Doa," nikasema.

"Lakini hana doa lolote."

"Najua."

Fundi aliuangalia ukuta wa jikoni, pale kwenye mistari ya juu. Siku hizi kila jioni ndiye anayemwita ndama arudi bandani, na kila jioni lazima alitaje jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe.