Felti ya Usenge

Ulianza kama uvimbe mdogo, mdogo kama punje ya mahindi, karibu na dirisha la sebule ya Mama Dorca kule Milimani, Kisumu. Zulia lilikuwa na siku mbili tu tangu litandazwe. Mama Dorca aliukanyaga asubuhi akienda kufungua pazia, akamtumia fundi salamu aje atoe kokoto aliloacha chini. Fundi Wepukhulu alikasirika kweli kweli. Yeye kuacha kokoto? Yeye aliyejigamba kila mahali kwamba akipitisha kiganja juu ya zulia atakuambia chini yake wamepita siafu wangapi? Hata hivyo alibeba kisu na koleo lake akaenda, maana zulia lile halikuwa la kuchezewa.

Alilinunua Joram Obiero, mume wa Dorca, alipokwenda Ulaya kusomea mambo ya mabomba ya maji. Lilikuwa sufu tupu, rangi ya zambarau iliyoiva, jembamba kuliko blanketi la hospitali. Kabla hajapata muda wa kulitandaza, boti aliyopanda ikapinduka ziwani upande wa Usenge. Huo ulikuwa mwaka wa 1987. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Zulia likakaa stoo limeviringishwa, hadi mwaka ulipokaribia kutimia na Dorca akataka litandikwe kabla ya maombi ya kumkumbuka.

Zulia nene huficha uvivu wa fundi, lakini hili lilikuwa halifichi kitu. Vile vibao vyenye misumari vinavyolishika ukutani vilihitaji misumari mifupi, maana mirefu ingetokeza juu na kuwachoma wageni nyayo. Maduka ya Oginga Odinga Street yalikuwa na mirefu tu, akaagiza mifupi Nairobi. Kilichomsumbua hasa ni cha kutandika chini. Kila duka lilimletea sponji, na zulia jembamba juu ya sponji likinyooka leo, kesho limejikunja. Wepukhulu alitaka felti, ile sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu. Alitafuta sokoni Kibuye, akaenda hadi Nakuru, akarudi mikono mitupu. Mwishowe mtu mmoja sokoni Kombewa akamwambia ameona felti nzuri ufuoni Usenge.

Alipofika, ufuo wote ulikuwa umeanikwa omena, vile vidagaa vya ziwa, hata mguu haukuwa na pa kukanyaga, isipokuwa pale ilipokuwa felti. Kuizunguka, hatua kumi kila upande, hakuna mwanamke aliyemwaga hata omena mmoja. Mzee Amolo, mlinzi wa boti, alimwambia akiitaka aibebe mwenyewe, yeye haishiki, wala hataki chochote kwa ajili yake. Mtu wa ziwa angeuliza kwa nini. Wepukhulu alikuwa mtu wa Bungoma, akamshukuru Mungu na kuitupa begani.

Sasa basi, siku hiyo ya kokoto, alifungua zulia upande wa dirisha, akalikunja hadi katikati ya chumba. Hakuona kitu. Felti ilikuwa kavu, sementi safi. Akalirudisha, akalivuta kwa goti mpaka likanyooka, akapitisha kiganja. Shwari. Alipoinuka kukusanya vifaa vyake, harufu ya matope ya ziwa ilimjia puani, nzito, kama vile mtu amefungua mlango wa nyuma unaotazama majini, na nyumba ile ilikuwa mbali na maji. Akatazama chini. Uvimbe ulikuwa umerudi, na pembeni yake mingine minne, imepangana, ikipungua kutoka mkubwa hadi mdogo. Vilikuwa vidole vya mguu. Alilijua hilo mara moja, na akaondoka bila kumwambia mtu.

Wiki mbili zilizofuata aliitwa mara nne. Kila mara ilikuwa mchana, saa nane hivi, upepo wa ziwa unapoanza kupanda mjini, na kila mara kilichokuwa chini kilikuwa kimeongezeka: kisigino, miundi, magoti, mapaja. Alifungua zulia mara zote nne, na mara zote nne alikuta felti kavu na sementi. Akilaza sikio sakafuni alisikia maji yakilamba kitu, polepole, chini ya nyumba. Awuor, dada ya Joram aliyekuwa akikaa na Dorca, alimleta mchungaji. Mchungaji alipiga magoti akaomba vizuri sana, ila aliposimama suruali yake ilikuwa imelowa magotini ilhali zulia lilikuwa kavu, akasema amekumbuka ana mkutano mwingine. Hakurudi tena.

Siku mabega yalipotokea, Wepukhulu alikuja na wazo la kung'oa kila kitu. Alimkuta Mama Dorca ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, pembeni ya lile umbo. Alikuwa amekonda. Lakini uso wake ulikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtisha fundi kuliko mabega yenyewe.

"Fundi, hapana shika hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia bega. Hii moja iko chini kidogo. Joram alikuwa hivyo hivyo."

Wepukhulu alimsihi amruhusu atoe felti. Dorca alikataa. Alimpa mkono kumuaga, na mkono ule ulikuwa baridi kama samaki aliyetoka majini. Awuor alimsindikiza hadi getini, akamwambia kwa kunong'ona kwamba wifi yake halali tena chumbani, hali chakula, na kila siku anakuwa baridi zaidi. Alimwomba fundi afanye lolote, kwa kuwa ni yeye aliyekileta kitu kile ndani.

Ilikuwa kweli, na Wepukhulu aliona aibu. Kesho yake akarudi Usenge kumuuliza Mzee Amolo swali alilopaswa kuuliza mwanzoni.

"Hiyo ilikuwa kitanda ya wale maji inarudisha," mzee alisema, macho yake kwenye wavu aliokuwa akishona. "Tunalaza wao hapo mpaka watu yao wakuje. Wengine hakuna mtu anakuja. Hao hawana nyumba, hawana hata jina. Irudishe haraka, kabla mtu hajapea mmoja wao jina. Akipata jina, hatoki tena."

Wepukhulu aliuliza, na kama ameshapewa? Mzee Amolo alikata uzi kwa meno, akamwambia awahi gari la mwisho.

Akarudi moja kwa moja Milimani. Hakupunguza neno. Alimwambia Dorca kwamba aliyelala pale si mumewe, ni mtu wasiyemjua, mmoja wa wale waliokosa wa kuwachukua, na kwamba kosa ni lake yeye fundi, na amruhusu alirekebishe. Dorca alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Unajua mimi nilizika nini, Fundi?" aliuliza. "Tunda ya yago, ile ndefu ya mti ya porini. Mwili ikipotea ndiyo hivyo sisi tunafanya. Walifunga kwa shuka, wakaweka kwa sanduku, wakaniambia lia. Mwaka mzima nimelilia tunda." Akaweka kiganja juu ya zulia, pale kifua kilipokuwa. "Huyu, hata kama si yeye, iko na bega. Na nikiita Joram, anagonga mara mbili."

Wepukhulu angeweza kumburuta mwanamke wa watu katika nyumba yake mwenyewe? Alitazama ukuta, akatazama kisu chake, akaenda nyumbani, na usiku huo alimlaani kila mwenye duka aliyempa sponji.

Siku moja kabla ya maombi, Awuor alikuja kumchukua karakanani. Dorca alikuwa amejifungia sebuleni tangu asubuhi na sasa haitiki. Wakavunja mlango. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu kwa ndani, madirisha yana vyuma, ndara zake zimekaa vizuri kando ya kochi. Chumba kilikuwa kitupu. Na pale sakafuni, chini ya zulia, walikuwa wamelala wawili, mkubwa na mdogo, bega kwa bega.

Wepukhulu alizunguka kuta zote nne akikagua. Misumari yake mifupi ilikuwa imeshika vilevile alivyoiacha, hakuna ukingo uliofunguliwa. Akapiga magoti, akaita kwa sauti ndogo, "Mama Dorca." Umbo dogo likatikisika.

Hapo akasahau kwamba ile ilikuwa kazi bora aliyowahi kufanya maishani. Alichomeka kisu na kupasua, zulia na felti kwa pamoja, juu ya kifua cha yule mdogo, akachana pande zote mbili, akakuta sementi iliyolowa. Awuor alipiga kelele akionyesha kidole, kwa kuwa wote wawili sasa walikuwa upande wa kochi. Akafuata huko, akapasua, akatupa vipande nyuma yake, wakawa mlangoni, akapasua mlangoni, wakawa katikati, na kila kipande alichokitupa kiliwapunguzia nafasi, wakaanza kukunja magoti, wakaanza kujikunyata, wakapandana, mgongo juu ya kifua, mkono juu ya uso, hadi hakuweza tena kujua yupi ni yupi, na bado alikuwa akikata, akilia sasa waziwazi, akimwomba msamaha Dorca na Joram na yule asiye na jina, mpaka kikabaki kipande kimoja tu upana wa sinia, na chini yake kitu kimoja tu.

Akasimamisha kisu. Vipande vingine vyote vilikuwa vimemwonyesha kwamba ukikata, aliye chini hayupo tena. Akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya kipande kile, kwa uangalifu, jinsi alivyozoea kupapasa kazi yake. Kutoka chini, kiganja kingine kikaja kukutana na chake. Alivihesabu vidole, vitano, kupitia sufu ile nyembamba isiyoficha kitu. Vilikuwa baridi. Lakini vya Dorca navyo vilikuwa baridi wiki nzima.

"Ni yeye?" Awuor aliuliza kutoka mlangoni. "Fundi, ni yeye?"

Wepukhulu aliita jina la Dorca. Chini ya kiganja chake kikagonga mara mbili. Akangoja, kisha akaita jina la Joram, na chini ya kiganja chake kikagonga mara mbili. Awuor akauliza tena. Fundi alimgeukia, na vile vidole vikaingia katikati ya vidole vyake na kuanza kumvuta chini.