Mume Wangu Husikiliza Ndoa za Watu Wote Isipokuwa Yetu

Nina miaka arobaini na nane, ni mke wa mchungaji, na ni Mkorea. Ndiyo, Mkorea! Kiswahili changu kisiwashangaze, nimefundishwa na akina mama wa Mbagala, sokoni, kwa kutaniwa na kurekebishwa. Tulikuja Dar tungali vijana, mie na mume wangu, tukafungua kanisa hukuhuku Mbagala. Leo nawaandikia nyie kwa sababu sina mwingine wa kumwambia...

Mume wangu hanipigi. Hanywi. Hana mwanamke. Jamani, angekuwa na nyumba ndogo ningejua pa kuanzia! Yeye amenisaliti na kanisa, sasa nimshtaki nani, Mungu?

Alfajiri yuko kwenye maombi, ndiyo desturi ya makanisa ya kwetu. Mchana yuko misibani na hospitalini. Jioni sebule yangu inajaa waumini, nami ni kupika tu. Binti yetu alipokwenda kusoma Korea tukabaki wawili, nikajipa moyo kwamba sasa tutaongea. Wapi! Alihamishia maombi ya vijana nyumbani kwetu, eti nyumba imepoa sana.

Kisha mama yangu akafariki, huko kwetu. Mume wangu aliniomba nivumilie kwanza, mkutano wa injili uishe... Nikavumilia. Mazishi ya mama yangu niliyaona kwenye simu, nimekaa jikoni peke yangu, huku nje vijana wa kanisa wanajaribu spika za mkutano.

Haukupita muda tukawa na semina ya ndoa. Akanishika mkono mbele za watu, maana huwaga ananishika siku za semina tu, akaniomba niwaeleze kama nina furaha. Nikatabasamu. Nikasema sina ninachokikosa. Makofi yakapigwa, vigelegele! Akina mama wakanifuata wakitaka niwaombee wapate waume kama baba mchungaji.

Nikaona nimfuate mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu. Nikampa shikamoo yake, nikajikaza, nikamwambia kwangu hakuna ndoa. Akaniuliza, kwa upole tu, kesi ya mchungaji ataipeleka kwa nani kama si kwa mchungaji mwenyewe? Akanikumbusha na ule ushuhuda wangu.

Basi nikafanya kituko. Jumatano ni siku ya ushauri, watu wanasubiri zamu kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nilivaa vizuri, nikaenda kukaa pale, nyuma ya dada mmoja aliyegombana na mumewe. Zamu yangu ikafika, mume wangu akafungua mlango. Akaniona. Hakuongea Kikorea, aliongea Kiswahili, benchi nzima ikasikia.

"Mama, nenda nyumbani. Hapa wanakaa watu wenye shida."

Watu wakacheka, wakajua ni utani wetu. Na mie nikacheka nao! Nikainuka, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Aliporudi nyumbani nilimwambia yote, nalia. Alishangaa kwelikweli. Akasema siku zote alijua niko sawa, si nilisema mwenyewe? Kabla sijamjibu simu yake ikaita, kuna muumini kazidiwa. Akaniombea harakaharaka, akatoka.

Mpaka leo tuko hivyohivyo... Kuondoka siwezi, kubaki siwezi. Nifanye nini?

Wadogo zangu mnaoolewa na watumishi, nawasihi, msije mkasifia hadharani ndoa inayowaliza chumbani. Mkishasema mara moja, hakuna atakayewaamini tena, hata mume mwenyewe! Na nyie waumini, mkimwona mama mchungaji wenu anacheka kila Jumapili, msimwambie mnamwombea. Mie nimeombewa mpaka nimechoka. Mwulizeni anaendeleaje, halafu msiondoke mpaka ajibu.