Unga Mweupe Chini ya Balatum

Ninyi wenzangu mnaoishi kwenye miteremko ya Bukavu, uso wa nyumba barabarani na mgongo wake ndani ya kilima, habari hii inawahusu. Msianze kusema ni ya watu fulani. Kaeni, nisikilizeni mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumapili, familia moja imetoka misa. Mama wa nyumba, Colombe, alikuwa ameandaa bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, na kupitia mlango wa salon, yaani sebule, ziwa lilionekana kule chini limetulia. Mumewe, Floribert, hufanya kazi Lwiro na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Siku hiyo alikuwa anataniana na mama yake, mzee Emérence, ambaye walimleta kutoka kwao Kavumu alipofiwa na mumewe. Malaika, binti yao, alikuwa anamvuta bibi mkono amsimulie tena ile habari ya mbuzi aliyeingia kanisani. Ungepita pale ungemwomba Mungu akupe na wewe nyumba kama ile.

Basi Malaika akashuka kuchukua kitenge cha bibi katika chumba cha chini, walikolala wote wawili. Akarudi soksi zikidondosha maji.

"Maman, chini kunalowana."

Colombe akashuka mwenyewe. Chumba kile kilichimbwa ndani ya kilima, na sakafu yake ni ya simenti. Miezi michache nyuma alikuwa ameitandika balatum mpya, ile nailoni nzito yenye maua inayofunika simenti, maana aliona aibu mgeni akute simenti tupu ndani mwake. Sasa balatum ile ilikuwa imevimba. Alipoikanyaga karibu na kitanda cha mkwewe, maji yalichuruzika kwenye ukingo. Akainama, akatazama chini ya kitanda, akaona matambara mawili mabichi, yamekunjwa na kusukumwa mpaka ukutani.

Kwa nini mtu afiche matambara? Swali lile lilimkaa Colombe rohoni, na hakumuuliza mwenye matambara. Alirudi mezani, akapakua chakula, akamtazama mzee Emérence anavyokula, na chakula chote kikakosa ladha.

Tangu hapo akawa mpelelezi ndani ya nyumba yake. Akishuka na ndoo, macho yanakwenda chini ya kitanda. Mzee akitoka kuanika, yeye anaingia kunusa. Harufu ya ukungu ilikuwepo kweli, nzito, inashika nguo. Na Malaika akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichosikia siro, dawa ya maji ya famasia. Halafu siku moja, anafunua ukingo wa balatum, akaona unga. Unga mweupe, laini, umejipanga chini ya ukuta na kwenye nyufa za simenti. Akaufagia. Baada ya siku chache ulikuwa umerudi palepale.

Jamani! Colombe akaanza kujumlisha. Maji bila mtu kumwaga, mtoto anakohoa, na unga mweupe unaojirudisha wenyewe. Angeweza kumuuliza mwenye chumba. Angeweza kumpigia mumewe. Yeye alifunga unga ule kwenye karatasi, akaupeleka kwa Mélanie, mama anayeongoza kikundi chao cha maombi.

Mélanie hakuugusa. Aliutazama kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Mutoto analala na nani?"

"Na koko yake, mama ya bwana."

"Na unga inatokea kwa nani?"

"Kwa kitanda ya koko yake."

"Basi unaniuliza nini tena, Maman Colombe? Miye sijasema kitu. Wewe njo umesema, wewe mwenyewe."

Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa namna hiyo, wanakuachia wewe neno mdomoni. Na Colombe akalitamka, mbele ya kikundi kizima, akina mama wameshikana mikono na macho wameyafumba: mama wa bwana wangu ni mchawi. Mbona wote walilisikia vizuri! Kabla ya Ijumaa, habari ilikuwa imepanda taxi-bus za barabara ya Goma na kufika Kavumu bila kulipa nauli.

Floribert aliporudi alipiga kelele, akasema mama yake amemlea kwa jembe na maombi. Lakini Colombe alimwonyesha unga, akamwonyesha matambara, akamwita mtoto akohoe mbele yake. Floribert akanyamaza. Na mimi namlaumu kwa kunyamaza kule, maana mzee alikuwa amesimama mlangoni anamngoja mwanawe aseme kitu.

"Mama," Floribert alisema mwishowe, "labda upumuzike kwanza Kavumu kidogo."

"Eeh," mzee akajibu. "Nimesikia."

Jumatatu, akielekea kazini, Floribert akamshusha Kavumu na mfuko wake mmoja. Malaika alilia mpaka akatapika. Colombe alimhamishia salon, akafunga chumba cha chini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakuna mtu atakayeingia tena mule, alijiambia. Na kweli, kikohozi cha mtoto kikaanza kupungua. Mélanie akasema, "Umeona?" Colombe akaona, akamshukuru Mungu.

Kisha ikanyesha mvua ya kwetu, ile ya kuteremsha matope mpaka barabarani. Kulipokucha Colombe alifungua chumba cha chini achukue sanduku la nguo. Balatum ilikuwa inaelea. Kando ya ukuta, unga mweupe ulikuwa umerudi, mwingi kuliko siku zote, katika chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa kiunoni mwake.

Mnadhani alishtuka akajirudi? Hata! Mashaka yakishaota mizizi yanajua kujitafutia chakula. Alikimbilia kwa Mélanie, naye Mélanie akajibu bila kufikiri: "Anakutumia kutoka kule kule Kavumu." Colombe aliondoka amekubali nusu. Hiyo nusu nyingine ilimsumbua njia nzima. Kama mzee anaweza kutuma maji kutoka Kavumu, alimfukuzia nini?

Akaamua anunue rangi nzito, apake sakafu yote, asiione tena simenti ile. Akapitia sokoni Kadutu, kwenye duka la Djamila, mama wa Kiislamu aliyetoka Uvira, muuzaji wa simenti na rangi na mwenye ulimi wa pilipili.

"Rangi juu ya simenti yenye kulowana?" Djamila akacheka. "Itabambuka yote, kisha utakuja kunitukana hapa. Maji yako inatoka wapi?"

"Kuko mutu anaitupa."

"Mutu gani?"

Colombe akageukia makopo ya rangi. Djamila alimwangalia vizuri, akaacha kucheka. Akakata kipande cha plastiki ya kuona upande wa pili, akampa na utepe wa gundi.

"Toa balatum. Panguza chini, ikauke juu juu. Bandika hii kwa simenti, pande zote, hewa isipite. Acha siku mbili tatu. Matone ikikaa juu ya plastiki, ni hewa ya chumba. Ikikaa ndani, kwa upande wa simenti, maji inatoka mu udongo, na inapandisha chumvi ya simenti, unga mweupe. Na ule utakayemushitaki, umushitaki kisha ya pale."

Colombe alifanya vile. Alibandika mwenyewe, akabonyeza kingo kwa kidole gumba, akafunga mlango kwa ufunguo. Nia yake, nawaambia ukweli, ilikuwa kumkamata mzee Emérence kwa ushahidi.

Alipofungua tena, plastiki ilikuwa kavu kwa juu. Ndani yake, upande wa simenti, matone yalikuwa yamejaa, manene. Utepe haukuwa umeguswa popote. Colombe alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya plastiki ile, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kumwaga maji mle ndani.

Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, pale kilima kinapogusana na ukuta. Palikuwa na kibanda chake cha kupikia, kwenye uwanja mdogo wa tambarare. Alisimama akautazama uwanja ule. Zamani pale palikuwa na mfereji, wa kupokea maji ya kilima na ya mabati na kuyapeleka kando. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza ujazwe udongo apate mahali pa kibanda. Yeye, Colombe, kabla hajatandika balatum.

Akaanza kulia pale pale, na simu ikalia. Alikuwa Floribert.

"Bavijana ba Kavumu balitupa majiwe kwa mabati ya Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mboga zake hakuna mwenye kununua. Banasema leo banakutana kwa soko juu yake. Miye niko njiani kwa miguu. Colombe, bataua mama yangu."

Ndugu zangu, mnajua kwetu mkutano wa namna ile unaishia wapi. Colombe alirudi ndani, akakwangua unga mweupe kwenye nyufa, akaujaza kwenye kiganja, akaufunga kwenye kitambaa. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akamwambia dereva asisimame.

Alikuta watu wamekusanyika kando ya barabara, penye soko, na mzee Emérence katikati, ameketi juu ya mfuko wake. Kijana mmoja mwenye fimbo alikuwa anapaza sauti. Colombe akapenya mpaka mbele.

"Muniangalie!" akaita. "Miye njo nilisema huyu mama ni muchawi. Neno ilitoka kwa kinywa yangu. Na nilisema bongo, uongo mutupu!"

Akafungua kitambaa. Watu wakarudi nyuma.

"Hii njo unga nilisema ya uchawi. Ni chumvi ya simenti. Maji ya kilima inaipandisha. Muone."

Akachovya kidole, akakitia ulimini, mbele ya watu wote. Uso ulimkunjamana kwa uchungu wake, akameza. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Kumbe hata kwangu iko, chini ya ukuta," na mwingine akasema kwake pia. Kijana akashusha fimbo. Watu wakaanza kutawanyika kila mmoja na njia yake, na hakuna aliyemwomba mzee radhi.

Floribert alifika, akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, unisamehe. Lakini yale matambara, ulikuwa unayaficha sababu ya nini?"

"Nilikuwa napanguza maji, nisikusumbue," mzee akajibu. "Na nikayaficha sababu niliona vile ulikuwa unaniangalia." Akamtazama mdomoni. "Leo umeonja, Colombe. Ungeonja kwanza, mbele ya kunifukuza."

Hakurudi nao siku ile. Walihangaika kwanza na nyumba. Kibanda kikabomolewa, mfereji ukachimbwa upya, mabati yakawekewa mfereji wake. Sakafu ikakwanguliwa kwa brashi ya chuma, nyufa zikazibwa, dirisha likaachwa wazi majira yote ya kiangazi. Plastiki ya Djamila ilibandikwa tena, ikatoka kavu pande zote. Hapo tu ndipo walipopaka dawa ya kuzuia maji na kuweka vigae. Balatum waliitupa. Malaika hakukohoa tena.

Mzee alirudi kwa komunyo ya kwanza ya Malaika. Alishuka chini, akavua kandambili, akasimama kwa miguu mitupu juu ya vigae.

"Imekauka," akasema.

"Imekauka, Mama."

"Na siku yenye italowana tena, utaniuliza miye, ao utaenda kuuliza Mélanie?"

"Nitakuuliza wewe, Mama."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Yuko pale mpaka leo, anamsimulia Malaika habari za mbuzi. Colombe alimnunulia kabati zuri, lenye kioo. Kabati lile halina kitu ndani. Nguo za mzee ziko kwenye mfuko wake, umefungwa kamba, karibu na mlango.

Mafunzo ya hadithi hii

Wazazi na ndugu, sakafu ya chini ikilowana, usiifunike. Nenda nyuma ya nyumba, tafuta maji yanakotoka, yape njia, kisha acha simenti ikauke kabla ya kuweka rangi, balatum au vigae. Unga mweupe ukutani ni chumvi, na kikohozi cha mtoto kipeleke kwa mganga wa hospitali. Ukiwa na mashaka juu ya mtu wa nyumbani mwako, muulize yeye mwenyewe kabla hujalipeleka jina lake nje. Colombe aliweza kukausha sakafu kwa kiangazi kimoja. Ule mfuko wa mlangoni hajui ataufunguaje.